Kutizama Tuesdays with Morrie na babu asiyesikia Kiingereza: tafsiri, sauti, na watoto

binti_wete

Assalaam alaykum jamaa.

Naomba muongozo. Jumamosi ya pili kutoka leo tunataka kukaa familia nzima kutizama Tuesdays with Morrie, ile filamu ya televisheni ya Marekani ya mwaka 1999 ambayo Jack Lemmon ni Morrie, mwalimu mzee mgonjwa, na Hank Azaria ni Mitch, mwanafunzi wake wa zamani anayekwenda kumzuru kila Jumanne. Nakala yetu ni diski, dakika 89.

Watu ni 11. Babu ana miaka 79, kasomesha skuli na chuoni umri wake wote. Kiingereza anakisoma, lakini kukisikiliza hakimuingii, na sikio lake la kushoto ni zito. Bibi hajui Kiingereza hata neno. Halafu wazee wangu, ami na mkewe, na watoto watano, mkubwa miaka 16 na mdogo 7. Nyumba iko Wete, ina ua wenye ukuta uliopakwa chokaa. TV ya inchi 32 ipo na projekta ya kuazima inapatikana. Umeme nao haudhaminiki usiku.

Nataka kujua: tafsiri niiandike chini ya picha au mtu asome kwa sauti? Ukutani au kwenye TV? Mdogo akae au alazwe? Na hili la mwisho ndilo linalonikaa moyoni: babu mwenyewe ni mwalimu na umri umekwenda. Tufanye nini asione kwamba tumemkalisha kumuonesha mauti yake?

---

mtafsiri_mtambwe

Wa alaykum salaam dada yangu. Nitasema la tafsiri tu, mengine wapo wanaoyajua.

Fanya yote mawili: maandishi kwa ajili ya babu na wakubwa, na msomaji mmoja ubavuni mwa bibi. Msomaji asitafsiri papo hapo. Filamu hii ni maneno mwanzo mpaka mwisho, na ukitafsiri kwa kuwahi utaruka sentensi moja katika kila tatu, nayo ndiyo huwa ya maana. Asome yale yale yaliyoandikwa, kwa sauti ya chini, katika kituo baina ya msemaji na msemaji.

Faili ni la SRT, aina ya faili la maandishi ya filamu, unaliandika hata kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Umbo lake ni hivi (maneno ni ya mfano wangu, si ya filamu):

214
00:21:07,300 --> 00:21:10,800
Umekuja, mwanangu.
Vuta kiti, kaa karibu.

Namba, kisha saa ya kuanza na ya kuisha, kisha maneno, kisha mstari mtupu. Baina ya sekunde na sehemu zake ni mkato, si nukta. Mstari mtupu ukisahaulika, vipande viwili vya maneno vitagandana na vyombo vyengine vitakataa faili zima. Hifadhi kwa UTF-8, namna moja ya kuhifadhi herufi. Kiswahili hakina herufi za ajabu, lakini kile kikoma cha ng'ombe na ng'ambo kikiwa cha kupinda, na faili likahifadhiwa kwa namna nyengine, kitatoka alama chafu kwenye ukuta. Tumia kile kilichonyooka.

Vipimo: mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 37 hivi, ukizidi sana 42. Kwa mtu mzima aliyezoea, herufi 15 kwa sekunde zinasomeka. Kwa babu yako hesabu 12. Kwa hiyo mstari wa herufi 36 unataka sekunde 3 kamili. Maneno yasikae ukutani chini ya sekunde moja wala zaidi ya saba.

Hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu wanafuata Kiingereza neno kwa neno. Kitenzi chetu kina nguvu, kitumie. "Wale watu ambao ninawapenda" ni herufi 27 pamoja na nafasi, "niwapendao" ni 10. "Hawatanisahau" peke yake ni sentensi nzima. Babu wa chuoni hatapata taabu na "niwapendao", atafurahi nalo.

Maneno matatu ya kufikiri kabla hujaanza:

Mauti. Morrie anajisemea mwenyewe, na anasema waziwazi. Mtu hajisemi "nafariki", hiyo ni heshima tunayompa mwengine. Mwandikie "nakufa" na usimlainishe. Wanaomzungumzia yeye ndio waseme "kufariki" au "kuondoka".

"Coach". Mitch alikuwa akimwita mwalimu wake hivyo. "Kocha" kwetu ni mtu wa uwanjani na filimbi. Andika "Maalim" na masikio ya nyumbani yatatulia. Jina Morrie liache pale linapotajwa, ila waeleze watoto mapema kwamba kwao mwanafunzi mkubwa kumwita mwalimu kwa jina si utovu wa adabu.

Na mapenzi baina ya mzee na kijana wake. "Nakupenda" ni sahihi. Ukiongeza "mwanangu" kwa upande wa mzee, sentensi inakaa mahala pake na vijana wa miaka 16 hawatacheka.

Usiifanye kazi hii usiku mmoja. Chukua dakika 10 za filamu kila siku, siku tisa umemaliza, na siku ya kumi usome zote kwa sauti huku picha inakwenda.

---

fundi_chake

Naingia kwenye vyombo.

Kwanza hiyo diski. Ukiitia kwenye mashine ya kawaida ya DVD, faili lako la SRT halitasomwa. Lazima ichezwe kwa laptopu yenye mlango wa diski, kwa programu ya VLC: fungua diski, kisha ingia kwenye menyu ya maandishi uongeze faili lako. Jengine, diski hufungiwa kanda ya dunia inakouzwa: za Marekani nyingi ni za kanda ya 1, na Tanzania imo kanda ya 5. Laptopu ikikwambia ubadilishe kanda, jua kwamba mlango wa diski unakubali kubadilishwa mara tano tu, kisha unajifunga kwenye ile ya mwisho. Jaribuni leo, si Jumamosi yenyewe.

Maandishi yakichelewa au yakitangulia, tizama namna yanavyokosea. Yakikosea kwa kiasi kile kile kutoka mwanzo mpaka mwisho, bonyeza G au H kwenye VLC, kila mguso unasogeza sehemu 50 kati ya 1000 za sekunde. Lakini yakianza sawa kisha yakizidi kuchelewa kadiri filamu inavyokwenda, hiyo ni kasi ya picha. Faili limetengenezwa kwa picha 23.976 kwa sekunde na nakala yako inakwenda 25. Kufika dakika ya 30 umeshapotea zaidi ya dakika nzima, na G na H hazitakusaidia. Tumia Subtitle Edit, programu ya bure, kwenye sehemu ya kubadilisha kasi ya picha. Mtafsiri akipima saa kwa nakala ile ile itakayochezwa, tatizo hili halizaliwi kabisa.

Ukutani au TV? Ukutani. Inchi 32 zinatosha kwa sura, ila maandishi hayasomeki na mtu aliye mita 3 nyuma, na watu 11 lazima wengine wawe huko. Filamu za televisheni za miaka ile zilipigwa kwa umbo la 4:3, yaani karibu ya mraba. Projekta nyingi za nyumbani hutoa picha ya mita 1.8 kwa upana zikiwa kama mita 2.7 kutoka ukutani. Ndani yake filamu itachukua mita 1.35 katikati, na pembeni kutabaki weusi. Uache weusi huo. Mtu akibonyeza ya kutanua, sura zote zinakuwa pana kama zimevimba, na mgonjwa anayekonda ataonekana ananenepa.

Ukuta wa chokaa ni mzuri kuliko wa rangi ya mafuta, kwa sababu haung'ai. Shuka msitumie kama ukuta upo, upepo ukipita nyuso zinacheza. Adui mkubwa ni taa ya jirani. Nendeni kwa adabu mkamuombe azime ya nje kwa saa mbili. Na Pemba umande unashuka mapema: projekta isikae chini kwenye sakafu ya ua, iwekeni juu ya meza, na muiwashe dakika 10 kabla kioo kipate joto.

Sauti. Hapa msifanye ubahili. Spika ya ndani ya projekta ni ya wati chache, na feni yake inaimeza sauti ya mgonjwa anayenong'ona. Wekeni spika ya nje chini ya picha, mbele ya watu, iunganishwe kwa waya. Ya bluetooth huchelewa, midomo inafunga na neno bado halijafika (kwenye VLC J na K zinarekebisha, lakini waya ni salama zaidi). Kwa babu: punguzeni besi, pandisheni kidogo eneo la hezi 2,000 mpaka 4,000, ndiko na juu yake zinakokaa s, f, t na sh ambazo sikio la mzee hupoteza mwanzo. Kupandisha sauti yote kunamuumiza na hakumuongezei neno. Kwa kuwa sikio zima ni la kulia, akae upande wa kushoto wa hadhira, spika imuangukie kulia kwake.

Umeme. Msingoje ukatike. Projekta za balbu zikizimika ghafla hazikubali kuwaka mpaka zipoe, na balbu yenyewe inaumia. Endesheni kwa betri na inveta tangu mwanzo. Hesabu: projekta ikiwa ya wati 100 (tizameni kibandiko chake, nyingi za balbu hula zaidi), spika 20, laptopu iko kwenye betri yake. Jumla 120. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 70 ina wati-saa 840, lakini usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo 420. Inveta inakula kama asilimia 15, zinabaki karibu 357. Ni karibu saa tatu. Inveta ya wati 300 inatosha. Zile rahisi huleta mngurumo kwenye spika. Ukisikia huo, spika ichomekwe kwenye laptopu au betri yake mwenyewe. Betri ichajiwe mchana, nje, mbali na chetezo cha udi: ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto.

---

muuguzi_unguja

Dada, kabla ya Jumamosi familia ielezwe ugonjwa wenyewe, maana picha itawatisha kwa sababu zisizo zake.

Morrie Schwartz alikuwa mtu wa kweli, profesa wa sosholojia katika chuo kikuu cha Brandeis, Massachusetts. Alifariki tarehe 4 Novemba 1995 kwa ugonjwa unaoitwa ALS. Ni ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli. Neva ikifa, msuli haupati amri, unalegea na kukonda. Kwa yeye ulianzia miguuni ukapanda. Wengi huishi miaka 2 mpaka 5 tangu dalili za mwanzo, na mwisho unakuja misuli ya kuvuta pumzi inaposhindwa. Stephen Hawking aliishi nao zaidi ya miaka 50, lakini huyo ni wa nadra mno.

Mambo mawili yasemwe wazi. Moja, hauambukizi. Watu wa kwetu wakimuona mzee mwembamba anakohoa mpaka anakatika pumzi watasema kifua kikuu, na watoto watashangaa kwa nini Mitch anamshika mkono na hajifuniki uso. Anakohoa kwa sababu misuli ya kumeza na ya kifua imechoka, mate na makohozi hayatoki. Pili, hisia za ngozi hubaki. Mgonjwa hawezi kuusogeza mguu wake lakini akiguswa anahisi, ukimuwasha anateseka kwa kuwa hawezi kujikuna. Akili nayo kwa wagonjwa wengi inabaki. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini filamu nzima imejengwa juu ya mazungumzo.

Mtoto wa miaka 7: mimi ningemuacha nusu saa ya kwanza, akiwa mapajani mwa mama, kisha akalale kwa wakati wake. Asiondolewe kwa ghafla katikati ya mahala pa kutisha, atabaki na hiyo picha usiku kucha. Masuali yake yatakuwa matatu: atapona? mimi nitaupata? babu anao? Mjibuni kwa ufupi na kwa kweli: hatapona, hutaupata kwa kukaa naye, na babu hana. Muongezeni kwamba Jack Lemmon alikuwa mwigizaji, hakuwa na ugonjwa huo, na alipewa tuzo ya Emmy kwa kuigiza hivi. Watoto wakubwa nao wanaipenda habari hiyo.

Kama nyumbani kuna aliye kitandani, wa kiharusi au mwengine, au kuna mjane aliye edani, aulizwe mwanzo peke yake. Akisema hataki, isogezwe siku.

---

maalim_mkoani

Binti yangu, suali lako la mwisho ndilo zito, nami nitakaa hapo.

Babu asishtukizwe. Mwendee siku mbili tatu kabla, baada ya Alasiri akiwa barazani, umwambie kisa chote kwa ufupi: kuna mwalimu aliyepata maradhi ya mauti, mwanafunzi wake hajamuona miaka 16, akamuona kwenye televisheni akihojiwa na mtangazaji Ted Koppel, akaona haya, akamwendea. Umwambie pia kwamba mwishoni mwalimu anafariki. Mzee hachukizwi na mauti, ameosha na kuzika zaidi ya sisi sote. Kinachomchukiza ni kufichwa jambo na wajukuu, halafu kutizamwa usoni gizani kuona kama analia.

Kisha mpe kazi. Afungue kwa dua, na muambieni kwamba kwenye vituo yeye ndiye atakayesema kwanza, kama mwalimu anayempima mwalimu mwenzake. Masuali aulizwe ya kazi yake: huyu anasomesha vizuri? Wewe ungemjibu hivyo? Mwanafunzi aliyepotea miaka 16 anapokewaje? Suali la "babu, wewe unaogopa?" lisiulizwe na mtu. Likimtoka mwenyewe, msikilize. Wala asikalishwe katikati kama bwana harusi, mahala pake ni pale alipopanga fundi.

Yapo mambo mawili ambayo wazee wataguna. Morrie aliwakusanya jamaa zake wamsifu yeye angali hai, ayasikie. Kwetu khitma na matanga ni baada ya mtu kuzikwa, kwa hiyo bibi anaweza kuona ni kujitakia. Elezeni kabla kwamba si mazishi, ni watu kushukuriana na kuagana, na kuagana na mgonjwa na kumuomba radhi ni jambo letu la zamani. La pili, Morrie ni Myahudi wa asili na anachota hekima katika dini kadhaa. Watoto watauliza. Babu ndiye wa kulijibu hilo, msimkate.

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa Muislamu, na wosia umehimizwa: hadithi ya Bukhari na Muslim inasema mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuandikwa. Haya babu anayajua. Akiyataja yeye, filamu imeshaingia nyumbani.

Na kabla hamjawasha projekta, naomba mtie kitu cha kwetu. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake Mwana Hashima, na akafariki karibu ya mwaka 1860. Ni mwalimu anayekufa na mwanafunzi mmoja, miaka zaidi ya 130 kabla ya Morrie. Chagueni beti kumi za mwanzo, anapomwita binti aje akae karibu na karatasi na wino. Mmoja azighani, ni dakika tatu. Kiamu chake, yaani Kiswahili cha Lamu, kina maneno ambayo vijana hawayajui, kwa hiyo muandikieni msomaji maana pembeni. Mengi anayosema juu ya mke na mume watoto wa leo watayabishia, na wabishe, hilo ni somo pia.

Kwa wakati: salini Isha, kuleni chakula chepesi, muanze saa mbili na nusu. Jumamosi ni nzuri, kesho yake hakuna skuli. Simamisheni mara mbili, kama dakika ya 30 na ya 60, lakini msikate kwa saa tupu. Kateni pale ziara moja inapoisha na nyengine haijaanza. Kahawa na kashata zitolewe kwenye vituo. Vikombe vikigongana wakati mgonjwa anasema neno la chini, neno hilo limekwenda.

---

mtafsiri_mtambwe

Maalim, kwa heshima, mimi sikubaliani na vituo viwili. Kituo cha dakika ya 60 kinaikata filamu pale inapoanza kubana. Kimoja kinatosha, ile dakika ya 30 anapoondoka mdogo. Baadaye iachwe iende mpaka mwisho.

maalim_mkoani

Kwa vijana uko sawa. Mtu wa miaka 79 aliyekaa mkekani hawezi saa nzima bila kunyoosha miguu, na kibofu chake hakingoji hadithi. Mpeni kiti chenye mgongo, kisha kituo cha pili kiwe kifupi, dakika tano, bila mazungumzo.

---

binti_wete

Allah awalipe kheri nyote. Kituo cha pili nitakifanya kama alivyosema maalim, kifupi na kimya. Suali moja: babu akianza kusema mambo yake mwishoni, ningependa yabakie. Nimrekodi vipi bila kumkata?

---

fundi_chake

Muombe ruhusa mapema, siku ile ile anayokwenda kuambiwa kisa. Sauti tu, video itamfunga mdomo. Simu iwe kwenye hali ya ndege isilie, iwekwe sentimita 20 mpaka 30 kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa, upande usiopigwa na upepo. Ikiwa mezani moja kwa moja itachukua kila kikombe kinachowekwa. Kwa kiwango cha kilobiti 128, dakika moja ni karibu megabaiti 1, kwa hiyo saa nzima haifiki hata megabaiti 60. Achia nafasi 500 usiwe na wasiwasi. Anza kurekodi kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita, usingoje aanze kusema. Asubuhi yake nakili mahala pawili.

Na mkimaliza msichomoe projekta papo hapo. Ya balbu inataka feni yake izunguke dakika 3 mpaka 5 ipoe. Taa ya ua nayo iacheni kwanza. Mwanga wa simu moja chini unatosha kuonana, na mzee akitaka kusema kitu atakisema hapo.